Deni la Blanketi: Safari ya Kasesya



Kama hujapata kufika Kasesya, nitakueleza kwanza mahali palipo. Ukitoka Sumbawanga mjini ukashika njia ya kusini, utapita katika nyanda za juu za Ufipa, nchi ya upepo na majani na ng'ombe, mpaka Matai, makao ya wilaya ya Kalambo. Hapo Matai njia yagawanyika. Moja yateremka kwenda bandari ya Kasanga, katika Ziwa Tanganyika. Nyingine yaendelea kusini, nayo yaishia penye kizuizi cha mpaka. Hapo ndipo Kasesya. Ng'ambo ya kizuizi ni Zambia, na mji mkubwa wa kwanza huko ni Mbala. Tangu Sumbawanga hata kizuizini ni kilomita mia na ushei.

Wengi wapita Kasesya bila kupatazama. Dereva wa lori angoja karatasi zake zigongwe mhuri, mfanyabiashara abadilisha shilingi apate kwacha, mama ashuka na kapu lake, kisha kila mtu ashika njia yake. Mimi nami nimepata kupita hivyo mara mbili. Mara ya tatu, mwezi wa Julai uliopita, nalifika pamoja na mzee mmoja aliyekuwa akimtafuta mtu aliyembeba vitani. Safari hiyo ndiyo nitakayo kukusimulia.

MZEE NA SWALI LAKE

Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Ninatunza madaftari ya ubatizo, ya kipaimara, ya ndoa na ya wafu. Asubuhi moja baada ya Misa aliingia ofisini mzee wa parokia yetu, mtu atembeaye kwa fimbo. Akavua kofia, akaketi, akanyamaza kitambo. Jina lake silitaji, maana ndivyo alivyoniomba.

"Karani," akasema, "wewe una majina ya watu wengi humu. Mimi nalitafuta jina moja tu, la mtu ambaye sikumwuliza."

Akanieleza. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaingia nchi ya Kagera. Tarehe 2 Novemba Rais Nyerere akatangaza kwamba tutapigana. Mikoa yote ikaambiwa itoe watu wa mgambo, na yeye, kijana wa miaka ishirini na miwili, akaenda. Tarehe 24 Februari 1979 jeshi letu likauteka mji wa Masaka, nchini Uganda, kisha likashika barabara ya kwenda Kampala. Njiani kuna mji mdogo uitwao Lukaya, na mbele yake kuna kinamasi kikubwa.

"Tulikuwa Brigedi ya 201," akasema. "Wengi wetu tulikuwa mgambo tu, wakulima. Jioni ya tarehe 10 Machi wakaja Walibya waliotumwa kumsaidia Amin. Wakatupiga kwa maroketi. Karani, sijapata kuona jambo kama lile. Kiza kikaingia, tukatawanyika. Mimi kipande cha chuma kikanipata pajani, nikaanguka kwenye majani."

Ndugu msomaji, vitabu vyatuambia yaliyofuata. Asubuhi ya tarehe 11 jeshi letu lilirudi kwa pande mbili, likawashinda Walibya na askari wa Amin, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ikatekwa. Lakini mzee wetu hakuyaona hayo. Yeye alilala katika majani, damu ikimtoka, hata akasikia sauti za watu.

"Walikuwa wanne. Wakakata miti miwili, wakaipitisha katika blanketi, wakaniweka humo. Blanketi lilikuwa la mmoja wao, yule aliyeshika upande wa kichwa changu. Usiku ule kulikuwa na baridi ya majimaji. Nikamwambia, 'Ndugu, blanketi lako litaharibika kwa damu.' Akanijibu, 'Nyamaza wewe, utanirudishia.' Kisha akaanza kusali Salamu Maria, taratibu, huku akitembea. Nami nikaitikia nilivyoweza. Nikamwuliza, 'U mtu wa wapi?' Akasema, 'Kasesya, mpakani.' Nilishangaa, maana ni mtu wa kwetu. Wakanibeba hata alfajiri, wakanipakia katika lori. Sikumwona tena."

Akapiga fimbo yake sakafuni polepole. "Blanketi lile lilikwenda nami mpaka hospitali, wakalitupa. Deni hilo ninalo hadi leo."

WATU WA HELIKOPTA

Nikamwuliza kwa nini hakumtafuta siku zote hizo. Akasema kwamba aliporudi alifanya haya: aliwezaje kwenda kugonga milango ya watu na kuuliza habari ya blanketi? Halafu akaoa, akalima, akasomesha watoto, miaka ikapita. Lakini mjukuu wake alikuwa amemsimulia habari moja ya Marekani, nayo ikamtia moyo.

Habari yenyewe ni ya kweli, nami nitakuongezea niliyoyasoma. Katika vita vya Vietnam majeruhi wa Marekani walichukuliwa kwa helikopta zenye msalaba mwekundu. Kwa kawaida kila helikopta ilikuwa na watu wanne: rubani wawili, mganga mmoja, na fundi mmoja. Jina lao la redioni lilikuwa Dustoff. Walishuka hata mahali palipokuwa pakipigwa risasi, wakapakia watu, wakaruka. Waliwaokoa mamia ya maelfu, wakiwamo watu wa Vietnam wenyewe. Lakini majeruhi hakuziona sura za waliomchukua. Alisikia kishindo cha mabawa, akaona mkono wa mtu, akazinduka hospitali. Basi, miaka mingi baada ya vita, wazee wale walioponywa wakaanza kuwatafuta watu wa helikopta zao. Baadhi yao wamewapata, wakashikana mikono. Wengine wamelikuta kaburi.

Watu wengi hudhani helikopta za majeruhi zilianza huko Vietnam. Zilianza mapema zaidi. Mwezi wa Aprili 1944, katika misitu ya Burma, rubani wa Marekani aitwaye Carter Harman aliwatoa askari wa Kiingereza waliokuwa wamejeruhiwa, mmoja mmoja, maana helikopta yake ilikuwa ndogo mno hata kubeba wawili. Miezi michache baadaye katika nchi ile ile ya Burma wakaingia vijana wetu wa Keya, Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, wakapita bonde la Kabaw katika mvua na matope. Wao hawakupata helikopta. Majeruhi wao walibebwa na wenzao kwa machela mpaka mahali ndege ndogo ilipoweza kutua. Huenda katika ukoo wako yumo babu aliyekwenda Burma. Mambo yamebadilika siku hizi. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya askari wetu wa kulinda amani iliposhambuliwa huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, askari 15 wa Tanzania waliuawa, na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Majeruhi walisafirishwa kwa ndege za Umoja wa Mataifa.

Nikaona kwamba wazee wa Marekani hutafuta kwa njia iliyo nyepesi kueleweka. Kwanza tarehe. Pili mahali. Tatu neno lo lote alilolisikia majeruhi, kama jina la redioni. Kwa mambo hayo matatu huenda kwenye vitabu vya kikosi. Nikamwambia mzee, "Baba, wewe unayo yote matatu. Tarehe ni 10 Machi 1979. Mahali ni Lukaya. Na maneno uliyoyasikia ni mawili: Kasesya, na Salamu Maria. Aliyesali Salamu Maria kwa moyo kiasi kile, yaelekea ni Mkatoliki. Basi tutaanzia kanisani."

Nikamwandikia barua katekista wa huko, nikamwomba baada ya ibada ya Jumapili awaulize waumini: ni nani katika kijiji alikwenda vitani na mgambo mwaka 1978 na 1979? Habari ya blanketi sikuitaja. Nilifanya hivyo kwa makusudi. Nilitaka, kama mtu yule yupo, aitaje yeye mwenyewe, tusije tukamtia maneno mdomoni.

Baada ya majuma matatu jibu likaja. Walikuwa wanaume watano. Watatu wamekwisha kufa. Mmoja alihamia Zambia zamani, na habari zake hazijulikani. Mmoja yu hai.

NJIA YA MACHELA

Tuliondoka Sumbawanga alfajiri. Mzee alivaa koti lake la Jumapili, na magotini alipakata kifurushi kilichofungwa kwa kamba. Sikumwuliza kina nini. Baridi ya Julai ya Ufipa waijua: watu walikuwa wamejifunika mpaka masikioni. Mavuno yalikuwa yamekwisha. Mashambani yalionekana mabua ya mahindi, na mahali mahali matuta ya mviringo, yale ambayo Wafipa hufukia majani ndani yake yaoze, yawe mbolea.

Tulipofika Matai tukangoja gari jingine. Tulikaa katika kibanda cha chai, nami nikamwonyesha mzee njia ya Kasanga. Nikamwambia kwamba katika Vita vya Kwanza vya Dunia Kasanga iliitwa Bismarckburg, nayo ilikuwa boma la Wajerumani. Mbala iliitwa Abercorn, nayo ilikuwa boma la Waingereza. Nchi hii tuliyokaa tukinywa chai ilikuwa katikati. Septemba 1914 Wajerumani walikwenda kuipiga Abercorn, wakarudishwa. Mwaka 1915 waliizunguka ngome ya Saisi, mashariki ya Abercorn, wakashindwa kuitwaa. Juni 1916 Waingereza wakaja huku, wakaitwaa Bismarckburg. Na vita ilipokwisha kule Ulaya, jenerali wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa bado porini katika nchi ambayo leo ni Zambia. Habari ilimfikia kwa kuchelewa. Tarehe 25 Novemba 1918 akaweka silaha chini hapo Abercorn, na pamoja naye Wazungu 155, askari Waafrika 1,168, na wapagazi zaidi ya elfu moja.

"Na majeruhi wa vita hiyo nani aliwabeba?" akauliza mzee.

Hilo ndilo swali, ndugu msomaji. Huku hapakuwa na barabara ya magari, na mbung'o waliwaua ng'ombe na punda. Kila kitu kilikwenda kichwani na begani mwa mtu: unga, risasi, mitungi, na watu walioumia. Machela moja yataka watu wanne kwa wakati mmoja, na wengine wa kuwapokea wakichoka. Upande wa Waingereza na wenzao peke yake walichukuliwa wapagazi wapatao milioni moja. Waliokufa hukadiriwa kuwa karibu laki moja. Wengi wao hawakufa kwa risasi, ila kwa kuhara, kwa homa, na kwa njaa. Huku kwetu na huko ng'ambo waliitwa tengatenga. Na ile Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kambi yao, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Mwaka 1927 ilisimamishwa huko Dar es Salaam sanamu ya Askari, na maandishi yake yawataja wapagazi pia. Lakini yawataja kwa kazi yao tu. Majina hayapo.

Mzee akafikiri, kisha akasema, "Basi wale hawakupata mtu wa kuwatafuta."

Nikakumbuka kwamba asubuhi ile Sumbawanga tulikuwa tumepita karibu na Hospitali ya Dr. Atiman. Huyo Adriano Atiman alitekwa utumwani akiwa mtoto huko karibu na Timbuktu, Wamisionari wa Afrika wakamkomboa, akasomea uganga katika kisiwa cha Malta, akafika Karema mwaka 1889. Aliwatibu watu hapo mpaka alipokufa mwaka 1956. Leo kila mtoto wa Ufipa amjua kwa jina, maana maisha yake yaliandikwa. Lakini mtu aliyemfikisha mgonjwa kwa Atiman begani, mwendo wa siku tatu, ni nani? Hakuna aliyemwandika.

KASESYA

Gari lilitushusha karibu na kizuizi yapata saa saba mchana. Kasesya ni mahali pa watu wa namna nyingi. Wenyeji ni Wamambwe na Walungu, nao wanao ndugu pande zote mbili, maana mpaka uliwekwa na Wazungu juu ya nchi yao bila kuwauliza. Sokoni utasikia Kiswahili, Kimambwe na Kibemba katika mazungumzo ya watu wawili tu. Malori yalikuwa yamepanga mstari, na vijana waliuza karanga na maji.

Katekista alitupokea, akatuongoza kwa miguu. Kwa ajili ya mzee tulikwenda polepole. Nyumba ilikuwa ya matofali, na nje palikuwa na mahindi yaliyoanikwa. Mwenyeji alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye mvi. Aliposikia Lukaya aliinuka, akavuta kigoda chake karibu.

Nalidhani wataangukiana mara moja. Haikuwa hivyo. Walitazamana kwa muda, kama watu wawili sokoni ambao kila mmoja afikiri amemfananisha mwenzake.

"Mimi nilibeba wengi, ndugu yangu," akasema mwenyeji. "Usiku ule na siku zilizofuata. Sura sizikumbuki. Kulikuwa na kiza, na mtu mwenye maumivu hana sura yake."

"Mmoja wenu alikuwa akisali," akasema mzee.

Mwenyeji akatikisa kichwa kwa kukubali. "Huyo hakuwa mimi. Huyo ni jirani yangu. Tulikwenda pamoja, tukarudi pamoja. Alisali kila mahali, hata tukamwita Padre. Ameaga dunia mwaka 2006." Akanyamaza. Halafu akasema, nasi hatukumwuliza: "Usiku ule wa Lukaya alimpa mtu mmoja blanketi lake. Nakumbuka kwa sababu tangu siku ile mpaka Kampala tulilala wawili katika blanketi langu mimi, nalo lilikuwa fupi. Nilimlaumu sana. Nilimwambia, 'Umempa maiti blanketi, sasa sisi wazima twatetemeka.'"

"Maiti?" akauliza mzee.

"Ndiyo. Yule kijana tulimfikisha kwenye lori, dereva akamtazama akatikisa kichwa. Sisi tulijua amekufa."

Mzee akafungua mdomo, asiseme neno. Kisha akaikunja suruali mpaka juu ya goti, akaonyesha kovu lake. Mwenyeji akainama akaligusa kwa kidole. Hapo ndipo waliposhikana mikono, wala hawakuachana upesi.

Habari za wale wawili wengine hatukuzipata. Mwenyeji alikumbuka kwamba mmoja alikuwa Mgogo na mmoja mtu wa Mara. Majina yamempotea.

ORODHA YA NOVEMBA

Nyumba ya mjane haikuwa mbali. Alikuwa akipepeta ulezi. Alipoelezwa wageni ni nani, aliuweka ungo chini, akajifuta mikono, akatukaribisha kwa chai na viazi vitamu. Mzee akamwita shemeji, naye akaitikia shemeji, kana kwamba walijuana siku zote.

"Mume wangu hakupenda kusimulia vita," akasema. "Watoto wakimwuliza, huwatuma kuchota maji. Lakini kulikuwa na jambo moja. Kila mwaka, mwezi wa Novemba, tunapoandika orodha ya marehemu wetu ili ipelekwe kanisani waombewe, aliandika baba yake, mama yake, ndugu zake, na mwisho kabisa aliandika, 'Askari wa Lukaya.' Nilimwuliza ni nani. Akasema, 'Simjui jina, lakini alikufa mikononi mwangu.' Alipokufa yeye, mimi niliendelea. Naliandika kila mwaka, na mwaka jana pia."

Wewe msomaji wazijua orodha hizo. Mimi kila Novemba nazipokea ofisini, bahasha kwa bahasha, na nakiri kwamba mara nyingi nimezihesabu tu bila kuzisoma. Siku ile niliona haya.

Mzee alikaa kimya. Kisha akaanza kucheka, machozi yakimtoka. "Shemeji," akasema, "kumbe miaka yote hii mmeniombea raha ya milele, nami nipo Sumbawanga nala ugali!"

Yule mama akacheka, nasi sote tukacheka, na katekista akasema kwamba sala haipotei njiani, Mungu ajua wa kumpa. Mzee akajibu, "Haikupotea. Mara mbili nimeugua hata watoto wakaitwa nyumbani. Sasa najua nani alikuwa akinishika upande wa kichwa."

Ndipo akakifungua kifurushi chake. Lilikuwa blanketi, jipya, zito, la rangi ya kijivu. Akalitoa kwa mikono miwili, akasema, "Aliniambia nitamrudishia. Nimechelewa." Mama akalipokea, akaliweka magotini, akalipapasa. "Baridi ya Kasesya umeiona mwenyewe," akasema. "Limekuja kwa wakati wake."

Jioni tulikwenda makaburini. Ni mahali pa wazi, na upepo huvuma kutoka upande wa Zambia. Juu ya kaburi kuna msalaba wa saruji, na jina limeandikwa kwa msumari saruji ilipokuwa bado mbichi. Mzee alilisoma jina lile kwa sauti, mara mbili, polepole, kama mtoto asomaye darasani. Halafu tukasali Rozari, tendo moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyeongoza Salamu Maria, na mwenyeji wetu akaitikia.

WEWE ULIBEBWA NA NANI?

Ndugu msomaji, katika Injili ya Marko, sura ya pili, tunasoma habari za mtu aliyepooza aliyeletwa kwa Yesu na watu wanne. Walipokosa njia kwa sababu ya umati, walitoboa dari wakamshusha. Bwana aliiona imani yao, ndipo akasema na mgonjwa. Majina ya wale wanne hayakuandikwa. Lakini bila mabega yao, mgonjwa angebaki nyumbani. Wanne kule Kapernaumu, wanne katika helikopta, wanne kule Lukaya. Aliyelala katika machela huitazama mbingu, hawaoni wanaombeba.

Mzee wetu alipata jina moja kati ya manne yake ambayo hayakujulikana, na mkono mmoja wa kuushika. Mawili amekosa. Aliniambia katika gari tuliporudi, "Karani, nilichelewa kwa miaka ishirini. Kama ningeona haya kidogo tu zaidi, ningechelewa kwa wote."

Basi nakuomba jambo. Katika kijiji chako wapo wazee waliokwenda vita vya Kagera, na wapo wajukuu wa tengatenga na wa askari wa Keya. Chukua daftari la shule la mtoto, ukakae nao kabla ya mwezi wa Novemba. Waulize mambo matatu yale: lini, wapi, na neno gani walilisikia. Uandike na majina, hata ya waliobeba maji, hata ya aliyetoa blanketi. Daftari likijaa, mpelekee katekista alitunze pamoja na madaftari ya kigango. Wala usidhani ni vita peke yake. Yupo mwanamke kijijini kwako aliyebebwa kwa kitanda usiku kwenda kujifungua, na watu wanne waliombeba wamo kijijini humo humo. Mtoto aliyezaliwa ayajue majina yao.

Na ukiandika orodha yako ya marehemu mwaka huu, uache mstari mmoja chini kwa ajili ya yule usiyemjua jina. Mzee wetu ameniagiza niandike kwenye orodha yake Mgogo mmoja na mtu mmoja wa Mara. Nilimwambia, "Baba, huenda wako hai." Akasema, "Ni kweli. Waandike hivyo hivyo. Mimi haikunidhuru."

Wenu katika Kristo,
Karani wa Parokia
Sumbawanga